Mzee Maloba na Tarumbeta la Mwanawe

Mzee Maloba alianza kujifunza tarumbeta akiwa na miaka sabini na bila meno ya chini, na mimi ndiye jirani aliyegawana naye ua wa minyaa. Kwa hiyo nikisema niliteseka, naomba nisikilizwe. Kila asubuhi, kabla sijapakia dagaa wangu kwenye boda kwenda sokoni Busia, lazima nilisikie lile tarumbeta kule kwenye mihogo yake. Kulia lilikuwa halijui. Lilikohoa, likapiga chafya, likanyamaza kidogo, kisha likaanza upya kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Nilimwambia usoni kwamba kuku wangu wameacha kutaga kwa ajili yake. Akanijibu kwa upole kwamba kuku watazoea, mbona mkewe Norah amezoea.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na mimi nauza samaki wakavu, naijua methali hiyo kwa mikono yangu. Ukimkunja aliyekauka anavunjika. Nilimwona Maloba akitoka na tarumbeta kwapani, mgongo umepinda kwa miaka aliyoendesha boda ya baiskeli kati ya pande mbili za mpaka, nikasema moyoni, huyu atavunjika.

Tarumbeta lenyewe lilikuwa la kanisa, na mpigaji wake alikuwa Levis, mtoto wa pekee wa Maloba na Norah. Levis alianza kulipiga kwenye bendi ya kanisa hata ndevu hazijaota. Alipokua akawa utingo wa malori ya Juba, lakini Jumapili akiwa nyumbani utamkuta mstari wa mbele, koti jeupe, mashavu yamejaa, macho yanacheka. Kisha ikaja safari ile. Msafara wao ulishambuliwa njiani. Dereva aliletwa kwenye sanduku, lori likapatikana limebaki mabati, Levis hakupatikana, mzima wala maiti. Huu ni mwaka wa nne. Norah bado anafagia kibanda cha ujana cha mwanawe kila Jumamosi, anaanika godoro, analirudisha. Watu tulikuwa tumeshaacha kumtazama akifanya hivyo, maana unaangalia nini?

Sasa, kwa ukoo wao mtu aliyepotea hivyo haachwi hewani milele. Hukatwa mgomba, shina lake likavikwa nguo za yule mtu, likazikwa kaburini kama mwili, watu wakalia, wakanyoa, mambo yakaisha. Osborn, mdogo wake Maloba na msemaji wa ukoo, ndiye aliyetumwa kuja kulisema. Alilisema vizuri, sina ubaya naye. Alisema nyumba yenye mfu asiyezikwa haina raha, na kwamba Norah anakauka kwa kungoja, bora alie mara moja apumzike. Mimi nilikuwepo, nimeleta chumvi. Maloba alisikiliza hadi mwisho, akanyoosha kidole ukutani lilipotundikwa tarumbeta.

"Hiyo tarumbeta ya Levis iko hapa," alisema. "Siku itatoka hapa kwangu, wewe kuja na panga yako, kata mgomba. Mimi sitasema kitu."

Osborn akaondoka. Maneno yale yalizunguka kijiji chetu chote cha Masaba kabla ya jua kuzama, na sitasema yalibebwa na nani. Maloba alijifunga kwa ulimi wake mwenyewe. Alidhani tarumbeta halina pa kwenda, alisahau lina mwenyewe.

Utaratibu wa bendi ni kwamba chombo hulala nyumbani kwa anayekipiga. Asiyekipiga hukirudisha. Kanisa lilikuwa limewavumilia kwa sababu ya msiba ule usio msiba, lakini kuna watoto waliokuwa wanangoja zamu, wakipiga vifua kwa mikono kwa kukosa vyombo. Ndipo Maurine, mwanamke wa upande wa Kenya ambaye mchana hufanya kazi kwa mawakala wa forodha na Alhamisi jioni hufundisha bendi upande wetu, alipokuja hadi Masaba. Aliona haya kulisema. Alisema sikukuu ya mavuno inakuja, na siku hiyo wazee wa kanisa watakagua vyombo vyote, kila chombo na mpigaji wake. Kisicho na mpigaji kitapata mwingine.

Maloba akasema chake kina mpigaji. Maurine akauliza ni nani. Akasema, "Mimi."

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Wimbo mmoja, mwanzo hadi mwisho, mbele ya wazee siku ya mavuno. Akiweza, tarumbeta linabaki, na Levis anabaki hai. Akishindwa, Osborn ananoa panga. Yeye na Norah walilijua hilo, na sisi majirani tulilijua, na bado nilikuwa namnunia kwa ajili ya mayai.

Alhamisi moja nilimfuata kanisani baada ya soko, nikakaa nyuma nipumzishe miguu. Alikuwa amekaa katikati ya watoto wa shule kama mti uliosahauliwa shambani. Watoto walikuwa wanacheka kwa kujificha. Maurine alimsimamia kwa subira ambayo mimi sina.

"Mzee, usipulize kama unawasha jiko. Bana midomo, upepo upite hapo katikati."

"Nabana. Lakini hapa chini hakuna kitu ya kubania."

Akafungua kinywa amwonyeshe. Meno ya mbele ya chini hayakuwepo, yote. Maurine ni kijana, alidhani ni ugonjwa. Ikabidi mzee amweleze, huku watoto wamenyamaza kabisa, kwamba zamani watu wetu walikuwa wanang'oa meno hayo kwa mtoto anayekua, kuonyesha kwamba amekuwa mtu. Baba yake alikuwa mtu wa kanisa na alikataza. Basi bibi yake alimngoja baba aende mkutano wa kanisa Tororo, akamwita mjukuu nyuma ya ghala, na kabla ya chakula cha mchana kazi ikawa imekwisha. Maloba aliisimulia akicheka. Alisema alikuwa na fahari sana, alitema damu mbele ya wenzake makusudi. Nani angemwambia yule bibi kwamba iko siku mjukuu wake atahitaji meno yale kumshikilia mtoto wake duniani?

Levis alikuwa na wimbo wake, ule wa kushukuru, wa mbio, unaopanda na kushuka. Maloba aliutaka huo. Maurine alijaribu naye wiki baada ya wiki hadi akaona ni bure. Mwishowe akamtafutia ulio mwepesi kuliko nyimbo zote wanazojua, wenye sauti chache, ndefu, zinazofuatana polepole. Ulikuwa mwito wa msiba. Kwetu, mtu wa kanisa akifa, mpiga tarumbeta husimama uani kwake alfajiri akaupiga, na anayeusikia huacha jembe palepale, huacha chai mezani, akaenda. Hauulizwi maswali. Ukishausikia unajua mtu hayupo, unaenda kumjua ni nani huko huko.

"Wazee wa kanisa wanataka tu wimbo uliokamilika," Maurine alimwambia, "na huu ni wimbo. Lakini, mzee, huu hatuufanyii mazoezi nyumbani. Ni hapa kanisani tu."

Maloba aliitikia. Lakini mtu wa miaka sabini atajifunza nini kwa Alhamisi peke yake? Alikwenda nao kwenye mihogo kama alivyokwenda na nyingine, na kusema kweli hakuna aliyestuka. Mimi niliyelelewa na mwito ule, niliyeukimbilia mara nisizotaka kuzikumbuka, sikuutambua. Norah hakuutambua pia. Yeye alidhani bado ni ule wa kushukuru. Mara moja moja Maloba alisogea uani akaniuliza nasikia nini. Namjibu, ng'ombe. Anasema basi hakuna neno, na kurudi.

Ilikuwa inauma kumtazama. Mdomo wa chini ulimvimba, ukapasuka, akawa anakula uji tu. Alijaribu kuweka kipande cha kitambaa pale penye pengo, alijaribu ganda la ndizi, alijaribu hata nta. Siku moja nilikwenda kuchuma kisamvu upande wangu wa ua nikamkuta amekaa chini kwenye mihogo, tarumbeta mapajani, machozi yanamtoka kimya kimya. Sikuondoka na sikujifanya sijaona, mimi si mtu wa hivyo. Nilikaa naye. Akaniambia kwamba kwa baiskeli yake aliwahi kuvusha mpaka gunia la mahindi, mbuzi na mama mjamzito katika safari moja. Akalinyanyua tarumbeta kwa vidole viwili. Kitu chepesi hivi, akasema, na Levis alikuwa anakipiga huku akicheka.

Nilimhurumia, na hasira zangu za kuku zikaniisha siku hiyo. Lakini huruma ya jirani inamsaidia nani? Sikuwa na meno ya kumpa.

Aliyepata wazo la meno ni Norah. Alisikia sokoni kwamba ng'ambo, upande wa Kenya, kuna fundi wa meno ya bandia aitwaye Trevor, anayepima taya kwa kitu kama ugali wa rangi na baada ya wiki anakupa meno. Norah aliuza njugu zake karibu zote, hata za mbegu. Nilimwambia za mbegu haziuzwi. Akafunga gunia lake, nikajua nimesema upuuzi.

Maloba aliporudi na meno yale kinywani, Norah alicheka. Nilimsikia nikiwa jikoni kwangu, na kwanza sikujua ni sauti ya nani, maana ilikuwa imepita miaka. Alikuwa anamwambia mumewe ageuke huku, ageuke kule, kwamba ameolewa upya na mwanamume asiyemjua. Maloba alikuwa anatamka kwa shida, kila s inamtoka na upepo, na hilo likamchekesha Norah zaidi. Mavuno yalikuwa Jumapili inayofuata.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafunga gunia la dagaa. Mwito wa msiba ukalia.

Sikumfikiria Maloba hata kidogo. Nasema hivyo ili ieleweke. Ulilia wazi, mrefu, bila kukwaruza, kila sauti ikifuata mwenzake hadi mwisho, na mwili wangu ulikwisha simama kabla akili haijafika. Niliacha gunia wazi, nikajifunga leso kiunoni, nikatoka mbio. Ukalia mara ya pili, na wakati huo ndipo nilipotambua unatoka kwa Maloba, nikasema, Mungu wangu, Norah. Nikaanza kulia njiani. Ukalia mara ya tatu. Baadaye aliniambia kwamba hakuwahi kuwa na furaha kama ile tangu Levis azaliwe. Hakuamini kuwa ni yeye. Alirudia na kurudia kuhakikisha kwamba haitampotea.

Norah alikuwa amekaa mlangoni anachambua njugu kidogo alizobakiza. Mzima. Nilisimama mbele yake na machozi yangu, mikono kichwani. Nyuma yangu walikuwa wanakuja wengine kwa kila njia, wanawake wanalia, wanaume kimya, na Osborn mbele yao akikimbia bila shati. Norah alitutazama. Njugu zikamwagika. Kwake yeye wimbo ule ulikuwa bado ni mazoezi ya mumewe, masikio yake yalikwisha acha kulisikiliza tarumbeta, hakuwa amesikia mwito wowote. Alichokiona ni kijiji kizima kinakuja kwake kinalia.

"Amepatikana?" aliniuliza. "Wamempata wapi?"

Mimi nilikuwa nimekuja kumuuliza yeye. Sikuwa na jibu, na ule ukimya wangu ndio aliouchukua kuwa jibu. Akapiga ukunga. Waliokuwa nyuma, ambao nao hawakujua lolote, walisikia jina la Levis katika kilio cha mama yake, wakajua sasa nani amekufa. Uwanja ukajaa. Kila mtu aliamini kwamba mwenzake ndiye anayejua.

Maloba akatoka kwenye mihogo. Umande umemlowesha hadi magotini, tarumbeta mkononi, na uso wake bado ulikuwa unacheka kwa sababu alikuwa anakuja kumwonyesha Norah. Aliona watu. Aliona mkewe chini, wanawake wamemshika. Kwanza hakuelewa, kisha akaelewa, nami nilimwona akielewa, na sitaki kuona uso wa mtu hivyo tena.

"Hapana," alisema. "Hapana, mimi nafanya mazoezi tu. Hakuna mtu amekufa."

Lakini meno mapya yalimfanya amung'unye, na kilio kilikuwa kikubwa. Mimi nilipaza sauti, nikasema ni mazoezi, ni kosa, rudini makwenu. Shangazi yao mmoja alinivuta mkono akaniambia ninyamaze, uchungu umenipanda kichwani. Aliyemsikia Maloba ni Osborn peke yake, kwa sababu alikuwa amemshika bega. Kisha akasema, kwa huruma kabisa, hilo siwezi kumnyang'anya:

"Kaka, hii kilio imeanguka kwa uwanja wako. Kilio hairudi mikono mitupu, lazima izike mtu, wewe unajua. Na angalia Mama Levis. Unataka aamke, umwambie nini?"

Maloba alimtazama Norah. Alikuwa analia kwa namna ambayo hakuwahi kulia kwa miaka yote ile, kilio cha tumboni, anamtaja Levis kwa majina yake yote, hata lile la utotoni. Maloba alifungua kinywa. Akakifunga.

Mgomba ulikatwa kesho yake. Norah mwenyewe ndiye aliyetoa lile koti jeupe la bendi, akalipiga pasi, akawafundisha wanaume jinsi ya kulifunga vifungo. Bendi ilikuja. Maurine alipomwona mzee alielewa bila kuambiwa, akawa hamtazami machoni. Maloba alimkabidhi tarumbeta apige yeye. Baada ya mazishi Maurine alilirudisha, akalilaza mikononi mwa mzee.

"Wazee wa kanisa wamesema likae kwako," alisema. "Wanasema hawana haja ya kukukagua. Masaba nzima ilisikia."

Kwa hiyo tarumbeta lipo. Limetundikwa ukutani palepale. Alichokitaka amekipata, na halipigi.

Norah amepona, kama neno hilo linafaa. Anakula, analala, amegawa nguo za Levis kwa watoto wa Osborn, na katika kibanda kile sasa anaweka kuni. Nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba labda Osborn alisema kweli, kwamba labda ni heri. Kisha juma lililopita Maloba alikuja kwenye ua wetu asubuhi, bila meno, akasimama upande wake wa minyaa. Akanieleza kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo Norah alimshika mkono akamshukuru. Alimwambia amefikiri sana na sasa ameelewa: miezi yote ile, midomo kupasuka, machozi ya kwenye mihogo, kumbe yeye alikuwa amekwisha pata habari za Levis, na alikuwa anatafuta nguvu ya kumwambia. Akamwambia hamlaumu kwa kuchelewa.

"Sasa, Mama Shallon," aliniambia, "nikimwambia sikujua kitu, anaanza kungoja tena. Nikinyamaza, mimi ndiye nimeua mtoto. Nifanye nini?"

Alikuwa anauliza kweli, alitaka nimjibu. Nilishika ua, nikavunja kitawi kimoja. Alingoja kidogo, kisha akasema ng'ombe hawajafunguliwa, akaenda.